Nafasi ya Gracia Mgongoni

Jumamosi asubuhi, katika ua wa nyumba waliyopanga katika ule mtaa wa Lubumbashi uitwao Kenya, Mapalo aliinama kama wanavyoinama akina mama wote wa mji huo, akampandisha Gracia mgongoni, akazungusha kikwembe, kitenge chake cha kubebea, ubavuni, na mtoto akateleza. Kabwe, mumewe, alikuwa ameketi nyuma yake juu ya bidoni tupu la maji, mikono wazi, akingoja. Alimdaka mtoto, akampangusa pua, akamrudisha kwa mama yake.

"Nafasi haiko," Kabwe akasema.

"Minaona," Mapalo akajibu.

Mgongo wa Mapalo ulikuwa umejaa wafu. Hawakuwa wabaya. Walikaa kwa adabu, wazee mabegani na watoto wadogo karibu na kiuno, na usiku walijitahidi wasigeukegeuke. Lakini walikuwa wengi, na hapakuwa na mahali pa kumweka mtoto hai.

Ilitokea hivi. Kampuni ya madini ilipochukua kijiji chao, huko nyuma ya Kasomeno, iliwaambia watu wahamishe vilivyo vyao. Ilileta lori la kubebea masufuria, vitanda na mabati. Kuhusu makaburi ilisema kutakuwa na eneo jipya lenye ukuta na geti, na kwamba eneo hilo linatafutwa. Sasa, kwao Mapalo, mtu akihama hamwachi mfu wake nyuma. Anakwenda kaburini, anamwaga maji kidogo, anamwita mfu kwa jina, kisha anageuka na kuinama ili apandwe. Jina ndilo kila kitu. Ukiita jina moja, anapanda mmoja.

Mapalo alikuwa amekwenda kumchukua mama yake, Mwila, aliyefariki wakati yeye angali na mimba ya Gracia. Mwenye tingatinga alikwisha kuwasha mashine na alikuwa akimalizia mkate wake. Mapalo alimwaga maji. Halafu akatazama makaburi mengine, yale ya watu ambao watoto wao wamehamia Zambia au wamesahau njia, na hakuona mtu hata mmoja aliyekuja kuyainamia. Huruma ikamshika. Alipogeuka na kutoa mgongo, mdomo wake ukasema, "Mukuye bote."

Wakaja wote.

Basi, huo ndio mzigo aliohamia nao mjini. Muuguzi wa kituo cha afya alimpapasa uti wa mgongo, akasema hauna ugonjwa, umejaa tu. Afanye mazoezi, au spor, kama wanavyosema pale. Mgongo ukipata nguvu huenda ukapata na nafasi. Mapalo alishika neno hilo kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake gizani. Gracia alikuwa ameanza kujishika kwenye kiti na kusimama, magoti yakimtetemeka. Bado kidogo angetembea, na mtoto akishaonja kutembea, mgongo haumwambii kitu tena. Mapalo aliogopa kwamba binti yake angekua bila kuujua mgongo wa mama yake, joto lake, na ule mlio wa sauti ya mama unaosikika kwa kupitia mbavu. Ndiyo maana Jumamosi ile alimwachia Kabwe mtoto na uji, akaenda kuchagua mahali pa kufanyia mazoezi.

Alianzia katikati ya mji, kwenye ukumbi wenye vioo kuanzia chini hadi darini na mashine za kukimbilia zinazotazama barabara. Kijana aitwaye Dédé, mwenye fulana ya kubana na harufu nzuri, alimpandisha kwenye mizani. Mshale ukazunguka, ukagonga mwisho, ukabaki hapo ukitetemeka. Dédé akautazama. Kisha akamtazama Mapalo, ambaye mikono yake ilikuwa myembamba kama ya msichana wa shule.

"Mama, uko na bantu," akasema.

"Ndiyo."

"Bengi?"

"Kijiji."

Dédé aliitikia kwa kichwa. Alikuwa kijana mpole. "Bantu haina mubaya, mama. Lakini huku ndani muntu haingiake bila viatu ya spor. Beko nabyo?"

Mapalo aligeuza shingo kidogo akauliza. "Bamoja balizikwa na viatu ya misa," akasema. "Bengine peku."

"Pole, mama. Carrelage iko mupya."

Vigae vilikuwa vipya kweli, vyeupe, vinang'aa. Mapalo akaomba radhi, akaondoka, na wafu wakajikunja ili wasiguse kioo cha mlango.

Mahali pa pili, siku chache baadaye, palikuwa ukumbi wa kanisa moja la uamsho, ambako jioni za siku za kazi viti vilisukumwa ukutani na akina mama wakaruka kwa muziki. Mapalo alipapenda tangu nje. Ngoma ilimwingia miguuni, na vijana waliokuwa mgongoni walianza kutikisa mabega. Lakini alipofika kizingitini hakuweza kuvuka. Papa Alexis, mzee aliyekuwa katekista wa kijiji miaka yote hadi kifo chake, alikuwa huko mgongoni ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

"Mama, ingia!" mwalimu wa mazoezi akaita.

"Kuko papa moja anakatala," Mapalo akasema. "Eko mukatoliki."

"Ni spor tu!"

"Nilimuambia. Anasema anasikia ile muziki, na anajua vile inaanzaka."

Walibaki hapo mlangoni mpaka wimbo ukaisha. Mwalimu akaleta maji, Mapalo akanywa, wakaagana vizuri. Njiani kurudi hakulia, ila alitembea polepole, na mtu aliyekuwa nyuma yake na mkokoteni wa unga akamngoja bila kupiga kelele, maana aliona ana watu.

Mahali pa tatu hapakuwa na kibao. Palikuwa hapo hapo mtaani Kenya, nyuma ya karakana ya mchomeleaji, katika ua wa udongo uliofagiwa vizuri. Vyuma vyake vya kunyanyua vilikuwa ekseli ya lori, magurudumu ya kitoroli cha mgodini, na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Mwenyewe alikuwa Mama Honorine, mwanamke mpana wa mabega aliyecheza mpira wa mikono mpaka goti lilipokataa. Siku aliyofika Mapalo walikuwapo wanawake wachache, miongoni mwao Marceline, muuza makaa, na Germaine, mshonaji. Mapalo alikuja na Gracia mikononi, kwa kuwa Kabwe alikuwa kazini, akilinda duka la dawa.

Mama Honorine hakuwa na mizani. Aliweka kiganja katikati ya mgongo wa Mapalo, akakiacha hapo, kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani kupitia ukuta.

"Ulibaita namna gani?" akauliza.

"Nilisema bote."

"Bote!" Marceline akapiga makofi, akacheka mpaka akashika kiuno. "Ee mama Gracia! Ata ku ndoa hatusemake bote! Ulikuya na équipe ya mpira na ba-supporter!"

Wanawake wote wakacheka, na Mapalo, ambaye hakuwa amecheka tangu wahame, akacheka nao. Hata mgongoni kulitikisika.

"Hakukuwa muntu ya kubakamata," akasema alipopata pumzi. "Niliona haya kubaacha."

Kicheko kikatulia. Mama Honorine alitazama vyuma vyake, akatazama mgongo ule, akafikiri.

"Makopo ipumuzike leo," akasema. "Kila mama apokee bantu. Tutafanya nabo spor."

Wakajipanga. Mapalo alisimama wima, na wafu wakashuka mmoja mmoja, wakajikung'uta, wakasalimia. Mama Honorine akawagawa kama mtu anayepakua ugali wa kuwatosha wageni. Papa Alexis alipangiwa Marceline. Alitazama kwanza ua mzima, akaona hakuna kipaza sauti, akapanda.

"Papa, usinikabe shingo," Marceline akasema, tayari ameanza kuchuchumaa. "Ee, bantu ya zamani, mifupa yote! Unakulaka nini kule?"

Germaine aliomba apewe watoto. Hakusema kwa nini, na hakuna aliyemwuliza. Aliwapanga mgongoni kutoka mkubwa hadi mdogo, akawafunga kwa kikwembe chake mwenyewe, akawa anachuchumaa na kuinuka taratibu kuliko wenzake, akihesabu kwa sauti ya chini ili wacheze na hesabu. Mazoezi yalipokwisha, yeye ndiye aliyechelewa kurudisha.

Mapalo alibaki na mmoja tu. Mama yake hakushuka. Mwila alikuwa mtu wa haya tangu uhai wake, mtu wa kukaa mwisho wa benchi, na tangu kule makaburini alikuwa amebanwa chini kabisa, karibu na nyama ya mwanawe, uso ukiwa umefichwa. Mapalo hakuwa amemsikia hata akikohoa.

"Sasa nafasi iko," akasema, akainama, akampandisha Gracia.

Mtoto akateleza. Mama Honorine akamdaka kwa mkono mmoja, kama mpira.

"Ee, Mapalo," akasema. "Nafasi haitoke ku nguvu. Mama yako eko hapo. Unamutupia mutoto ku kichwa sawa muzigo, bila kumuonyesha ni nani. Alisha kumuona?"

Mapalo akampokea mtoto. Mama yake alikufa Gracia akiwa bado tumboni. Siku ya kumwita kulikuwa na tingatinga. Baada ya hapo kulikuwa na lori, halafu mji, kisha kutafuta nyumba na maji. Alikuwa amembeba mama yake muda wote huo na hakuwa amempa mjukuu wake amshike.

Akakaa chini kwenye udongo uliofagiwa. Akamwinua Gracia juu ya bega lake, uso ukielekea nyuma.

"Mama," akasema, "huyu njo Gracia. Aliacha kunyonya usiku juzi juzi tu. Eko na masikio yako. Nilitaka nikuletee yeye na sabuni ya kumuogesha, ile siku alizaliwa, lakini ulikuwa ulisha kuenda."

Mchomeleaji alizima mashine yake upande wa pili wa ukuta, labda kwa kuwa alikuwa amemaliza. Kisha mikono ya Gracia, iliyokuwa imeshika nywele za mama yake, ikaachia na kunyooka kwenda nyuma, na mtoto akaondoka begani. Hakuanguka. Mwila alikuwa amempokea, amemgeuza, na amemweka mgongoni mwake mwenyewe, kama ajuavyo mtu aliyelea watoto katika msimu wa njaa. Alijifunga kikwembe chake cha kuzikiwa, chenye maua ya buluu.

Gracia alikaa hewani, juu kidogo ya mabega ya Mapalo, miguu imetawanyika, akatazama ua. Akapiga mwayo. Halafu shavu likalala juu ya kitu kisichoonekana, likabonyea, na akasinzia mdomo wazi.

"Njo vile," Mama Honorine akasema. "Sasa simama, tuanze."

Mapalo akasimama. Mzigo haukuwa umepungua hata kidogo. Ila ulikuwa umekaa vizuri. Alisikia pumzi mbili nyuma ya shingo yake, moja ya moto na moja baridi, zikifuatana. Akachuchumaa na kuinuka, akachuchumaa na kuinuka, machozi yakimshuka, na Marceline akamkaripia kwamba jasho la macho halijengi mapaja.

Jioni wanawake walirudisha wafu, maana kila mmoja alikuwa na nyumba yake na watu wake. Wafu walipanda kwa utaratibu, wakimwachia Mwila na mjukuu wake nafasi ya juu. Mapalo akatembea nao hadi nyumbani. Mwendesha pikipiki alisimama kumwuliza kama anapanda, akainua macho, akaona mtoto aliyelala hewani na wengine wote, akasema, "Ah, beko bengi, mama. Fika muzuri," akaenda zake.

Kabwe alipewa ruhusa kazini wiki iliyofuata, akavaa shati la Jumapili, akaenda kwenye ofisi ya kampuni kuuliza kuhusu eneo la makaburi. Bwana mmoja mwenye sauti nzuri alimkaribisha kiti. Alisema eneo bado linachunguzwa. Alisema pia kwamba shimo limefika mbali sasa, limepita pale palipokuwa kanisa. Kisha akauliza wafu wenyewe wako wapi kwa sasa.

"Beko ku mugongo ya bibi yangu, mama Gracia," Kabwe akasema.

"Bote?"

"Bote."

Yule bwana akaegemea kiti, uso umemlegea kwa faraja. "Basi beko pazuri," akasema. "Kama balisha kupata pahali, haraka iko ya nini?"

Kabwe alimweleza mkewe hayo akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kana kwamba ni yeye aliyeyasema. Mapalo alimtengenezea kola, akampa chai. Alimsikiliza mama yake akimwimbia Gracia mgongoni, ule wimbo ambao maneno yake nusu alikuwa ameyasahau, na akaona kwamba ni kweli hakuna atakayekuja kuwachukua, msimu huu wala ujao.

Siku ya mazoezi alifika mapema kuliko wote. Mama Honorine alikuwa akifagia.

"Uniandike mwaka muzima," Mapalo akasema.

"Wewe tu?"

"Bote."

Mama Honorine akaweka ufagio, akasogea kando kumpisha. Mapalo akatanua miguu, akainama, akakamata chuma kwa mikono miwili, na mgongoni mwake kijiji kizima kikavuta pumzi pamoja naye.