Mpaka wa Mzee Chirau

...na mchele bado haujaisha, huu ungo wa tatu, punje nyeupe, punje nyeupe, kijiwe, Twaiba anakidokoa kwa ukucha anakitupa, mtoto amelala mgongoni, joto lake linapenya leso, na nyuma ya ua wa makuti wanaume wamerudi kutoka makaburini, wamekwisha kumzika Mzee Chirau, mpima ardhi wa Msambweni nzima, askari aliyerudi na mguu mzito kutoka vita vya kaskazini, wamemzika na Twaiba hajalia, Bi Shutu amemtazama mara mbili, "We Twaiba, macho makavu hivyo, waogopa kuishiwa na maji?" wanawake wakacheka, kicheko kidogo cha matangani, naye akacheka, akakisikia kicheko chake kama cha mtu wa nyumba ya pili... kijiwe... na hiyo ni sauti ya Swabir, shemejiye, ndugu wa marehemu mumewe, hata leo hanyamazi, "Jumatatu wazee waje wajionee, jiwe la mpaka liko wapi? Hakuna jiwe, hakuna mpaka, nusu gani ya kiwanja anayoidai huyo mjane wa ndugu yangu?" na mtu akamjibu, "Swabir, udongo haujakauka kaburini, nawe ushaanza kupima viwanja?" lakini jiwe liko, Mola wangu, liko chini ya pipa lake la maji, aliling'oa mwenyewe masika yaliyopita, pipa lilikuwa likiliwa na kutu, akaona jiwe zuri la saruji limekaa bure majanini, amefika kidato cha nne na hakujua, zile herufi zilizochongwa juu yake alidhani ni jina la fundi, na kung'oa jiwe la mpaka ni kesi, ni jela, na mtoto atanyonya wapi... Mzee Chirau aliliona, juma lililopita tu, alisimama na fimbo yake, Twaiba akamwamkia shikamoo huku akilikinga jiwe kwa ndoo, mzee akacheka mpaka akakohoa, "Marahaba, mwanangu, mimi jiwe nililipatia kazi ya kulala, wewe umelipatia kazi ya kubeba maji! Usitetemeke, chini ya kila jiwe langu huzika makaa na vigae vya chupa, jiwe huhama, makaa hayahami, Jumatatu nitawaonyesha," na kwa nini makaa, babu, akamwuliza, naye akaketi... kule kaskazini walizika bomu njiani, mwenzake akasahau kulitia kwenye ramani, alipokumbuka akanyamaza, alimwogopa sajenti, siku ya tatu akapita msichana anakwenda kisimani, likalipuka, "kibuyu chake hakikuvunjika," alisema mzee, "mwenzangu alikiokota kizima," na fimbo ikawa inagonga jiwe, ta ta ta... mwenzangu, mwenzangu... na hofu ya huyo mwenzake aliijuaje kwa ndani hivyo?... na sasa tu, vidole vikiwa mcheleni, Twaiba anajua, hakukuwa na mwenzake, ni yeye, huyu waliyemshuhudia kwa wema leo kaburini, alimwogopa sajenti akanyamaza, halafu miaka hamsini akazika makaa chini ya kila jiwe, alama isipotee tena... "Twaiba, mchele vipi?" "Bado, Bi Shutu," kinywa kimejibu chenyewe, baridi, na kinywa hikihiki Jumatatu kitasema, mbele ya wazee, mbele ya Swabir na meno yake, chimbeni hapa penye majani ya ndago, jiwe lilipokuwa, hata polisi waniandike, hata wanipeleke, hofu haijapungua, iko palepale kifuani, ila sasa yamsikiliza, punje, punje, mtoto anageuza shavu mgongoni, mimi ndiye niliyeling'oa, anayajaribu maneno bila sauti, mimi ndiye, na midomo inatii.