Bibi wa Mwalimu Cuthbert

Kipindi cha tatu, Jumanne moja ya mwaka 1994, Mwalimu Cuthbert aliwaandikia Kidato cha Pili B mahitaji ya hadithi ya kigothi: nyumba kongwe, chumba kilichofungwa, ukungu, na mfu asiyetulia. Aliyaleta kutoka semina ya Songea. Ukungu walikuwa nao tayari, umejaa mpaka madirishani. Wanafunzi thelathini na tisa waliandika kuhusu ngome zenye minara, ingawa jengo kubwa kuliko yote waliyowahi kuyaona lilikuwa kanisa la Kigonsera.

Wa arobaini, Vitalia, aliandika kuhusu bibi yake. Bibi Mektilda, aliyefariki msimu wa kahawa uliopita, huja nyumbani kila Alhamisi saa kumi jioni, jembe begani. Huketi jikoni akamenya maharage, akauliza kama mashimo ya ngolo, yale ya kuzuia maji shambani, yamechimbwa kule mteremkoni, kisha humkata mjukuu wake kucha kwa wembe na kuondoka. Hadithi iliishia hapo. Mwalimu alimpa kumi na moja kati ya thelathini na kuandika kwa wino mwekundu: Haitishi.

Siku hizo magazeti ya watu binafsi yalikuwa yakichipuka kama uyoga, na moja lilitangaza shindano la hadithi fupi. Mshindi angepata redio kaseti. Mwalimu alihangaika na yake wiki mbili. Ilikuwa na chumba kilichofungwa, ila hata yeye hakujua ndani kuna nini. Mwishowe akachukua daftari la Vitalia, akanakili, akarekebisha koma tatu na kuweka jina lake. Wakati ule hakusikia chochote moyoni. Aibu ilikuja baadaye, na ilikuja na jembe.

Gazeti lenye hadithi iliyoshinda lilifika Mbinga siku ya Alhamisi, na basi la Songea. Saa kumi jioni Bibi Mektilda alipita geti la shule, mlinzi akamwamkia, akaenda moja kwa moja nyumba ya walimu namba nne. Aliegemeza jembe ukutani, akamwita Mwalimu mjukuu wangu. Alimweleza mengi kwa Kimatengo. Mwalimu alikuwa Mnyasa wa Liuli, kule ziwani, akaambulia nusu. Akampikia ugali na usipa wa kwao. Bibi aliuliza nyumba hii imeanza lini kula samaki, kisha akala. Alipomaliza alifungua pindo la kitenge, akatoa wembe. Mwalimu, mtu wa miaka thelathini na minne, alinyoosha vidole. Alijua kwamba havikustahili, lakini hakuvirudisha.

Wiki iliyofuata alikuja tena. Jirani, Mwalimu Hilda, alisema si vibaya mseja kupata mtu wa kumwangalia.

Siku za mwizi ni arobaini, lakini za Mwalimu zilifika hamsini na mkuu wa shule alikuwa bado anamsifu kwenye paredi. Ofisi ya elimu nayo ilimwomba akawafundishe walimu wenzake kutunga hadithi.

Vitalia aligundua kwa kucha. Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni, naye akaona zimekatwa mraba, wa gumba umeachwa mrefu kidogo wa kumenyea maharage. Hakuna mwingine aliyekata hivyo. Alikuwa ameshasubiri Alhamisi saba na sufuria jikoni. Mama yake alifariki akimzaa. Bibi ndiye aliyemlea, na hakuwa na ndugu mwingine. Baada ya kipindi alimfuata Mwalimu ofisini.

“Naomba uandike barua kwa wale wa gazeti, Mwalimu, useme hadithi ni ya nani. Bibi hajui kusoma, lakini anafuata jina. Redio ubaki nayo. Mimi namtaka bibi tu.”

Mwalimu alisema ataandika, na jioni ile aliandika kweli, barua nzuri ya ukurasa mmoja. Hakuituma. Alijiambia ataituma baada ya semina, na baada ya semina akasema baada ya mitihani. Kila alipomwona Vitalia kwenye dawati la mbele alijichukia sana. Lakini kujichukia hakuhitaji stempu.

Alhamisi ya mwisho ya muhula Vitalia alikwenda nyumba namba nne, akiwa na sare ya shule. Bibi alikuwa amekaa mlangoni na ungo mapajani, Mwalimu amesimama nyuma yake. Vitalia akapiga magoti.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu.” Bibi akamtazama kwa makini, kisha akamgeukia Mwalimu. “Huyu ni mtoto wa nani?”

Mwalimu alikuwa na nafasi ya kutosha ya kujibu. Bibi hakuwa na haraka, na Vitalia alikuwa anamtazama yeye, si bibi.

“Ni mwanafunzi wangu,” alisema.

Bibi akachota maharage kwa viganja viwili, akamwambia mtoto akinge asiondoke mikono mitupu. Vitalia akakinga sketi, akashukuru, akashika njia ya kwao kati ya mibuni, akitembea polepole yasimwagike.

“Aliyemlea yule amemlea vizuri,” Bibi alisema.

Mwalimu aliitikia kuwa ni kweli.