Visu Kumi na Kimoja vya Mhunzi

"Usikilazimishe," fundi viatu alisema. "Kitafunguka chenyewe."

Hakikufunguka. Binti wa mhunzi alitia ukucha kwenye kijishimo kilichochongwa kwenye bapa la kisu, akavuta, ukucha ukakatika. Akanyonya kidole, akakiweka kisu mezani kando ya vile vitatu vya kwanza, ambavyo navyo vilikuwa vimegoma.

"Baba mdogo, umeviweka wapi miaka yote hii?"

"Humu." Fundi aliinua kifuko cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi wa nta. "Kila kimoja na nguo yake. Nilivishonea mwenyewe."

Alisema hivyo kwa fahari, maskini.

Marehemu mhunzi alikuwa akitengeneza visu vya kukunja vyenye mpini wa pembe. Enzi zake walimu, makarani, hata daktari mmoja, walivigombea. Hawakuvikatia hata kitunguu. Kazi yao ilikuwa kuvikusanya, kuvifuta na kutambiana. Kisha vikaja visu vyeusi, chuma kitupu, unabonyeza kitufe na kisu kiko wazi. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwaka haukuisha, wale wale wakawa wanauza vya pembe kwa wapita njia wapate vyeusi. Mhunzi akabakiwa na mteja mmoja tu, fundi viatu huyu, ambaye binti humwita baba mdogo kwa heshima tu, aliyekuwa radhi kula mlo mmoja kwa siku mwezi mzima ili anunue kisu, kisha asikifungue kamwe. Wakusanyaji walikuwa wameambiana kwamba kisu kisichofunguliwa hakizeeki, naye akawaamini. Mhunzi alipokufa, ndugu zake waliuza vyote vya karakanani kwa mnunuzi wa chuma chakavu, visu vya mfano na vifaa.

Sasa soko limegeuka tena. Vyeusi vimewachosha watu. Mfanyabiashara wa visu amempa binti hadi Ijumaa ampelekee kisu kama cha baba yake. Akikubaliwa, karakana ya baba yake inakuwa yake. Akikataliwa, anarudi kudeki wodi za hospitali, kazi iliyokwisha kumla magoti. Ametengeneza sita, na vyote vimerudishwa.

"Mpini anausifu, bapa analisifu," binti alisema. "Springi ndiyo tatizo. Anasema vya baba vilikuwa vinasema mara mbili vikifunguliwa, katikati na mwisho. Vyangu ni mabubu. Na mimi nililelewa kwa shangazi. Kwa baba nilikuja kuzika tu."

"Basi kipasue kimoja uone ndani."

"Una hakika?"

"Pasua, mwanangu, kabla sijabadili mawazo."

Binti alichukua cha tano, akatoboa kwa keekee msumari unaoshika mpini, akatenganisha mbavu za pembe. Unga mwekundu wa kutu ukamwagika mezani. Alipoigusa springi kwa ncha ya sindano ya kushonea, ikamegeka.

Binti alichukua kifuko chake, akakinusa, akaramba ndani yake kidogo kwa ncha ya ulimi.

"Ngozi hii ina chumvi."

"Ngozi gani haina? Bila chumvi ingeoza."

"Na chumvi inavuta maji, baba mdogo. Kisu hakilazwi kwenye ngozi. Inakila."

Fundi alitazama sakafu. Pale miguuni palikuwa na kopo la misumari aliyoing'oa kwenye soli za viatu vya watu, imelika, mingine imebaki nusu. Miaka arobaini alikuwa akiing'oa na kuitupa koponi. Hata siku moja hakuwaza kwamba kinachokula msumari kitakula na kisu.

Wakavijaribu vilivyobaki. Cha sita, cha saba, cha nane. Kwenye cha kumi bapa lilisogea kidogo, wote wawili wakazuia pumzi, likavunjikia njiani. Cha kumi na moja fundi alikipasua mwenyewe. Kilikuwa unga kama wenzake.

"Afadhali ningeviuza," alisema, na machozi yakamtoka bila aibu. "Wale tuliowaita wasaliti wameviokoa. Mimi niliyevipenda ndiye niliyeviua."

Binti alitaka kumwambia si kitu. Lakini ilikuwa Jumatano, na uongo haukumjia. Alikaa, akatazama unga.

"Sauti ya visu vyake uliisikia?"

"Kila nilipokwenda kuchukua kisu. Baba yako ananisogezea sikioni, anafungua mara moja tu, anafunga. Ananiambia, haya, mpeleke mkeo nyumbani."

"Ilikuwaje?"

Fundi alifuta uso kwa kiganja chenye gundi. Akabana ulimi juu ya kaakaa, akauachia. Ikatoka sauti kavu. Akatikisa kichwa. Alikuwa hana meno mawili ya pembeni, pumzi ikapenya. Akaziba pengo kwa kidole, akajaribu tena, mlio mwepesi kwanza, kisha mzito.

Mlangoni alisimama mteja na kiatu kilichoachama, akimtazama mzee mzima anayeliza mdomo, kidole kinywani, machozi hayajakauka. Hakuna aliyemkaribisha. Binti alikuwa amefumba macho, kimoja kati ya visu vyake sita mkononi, akikifungua taratibu na kukifunga, akiusaka humo mlio ule.

"Huo wa kwanza," aliuliza, "ni mwepesi hivyo?"

"Nadhani."

"Rudia, baba mdogo."