Sukari Iliyogoma Kuhama

Corinne alikuja kwenye sinki langu na kile kioo chake cha kupimia sukari, chenye unga mweupe, macho mekundu.

"Bibi Marusia, niambie ukweli. Sabuni unaisuuza vizuri?"

Nimeosha vyombo vya maabara hii ya Edmonton miaka kumi na tisa. Wiki nzima kimeng'enya cha Corinne kilikuwa kimegoma. Kazi yake ni kuchukua sukari moja na kuibandika kwenye nyingine, lakini kila alipochoma kioo chake kuangalia, doa lilikuwa lile lile moja, la pili la sukari iliyobandikwa halionekani. Profesa Tindall alishasema kama ni uchafu wa vyombo, basi vitaoshewa kwingine, mimi nipumzike. Kupumzika, yaani kufukuzwa kwa adabu.

"Nasuuza mara sita," nikasema. "Kitendawili!"

"Bibi, si leo jamani."

"Sema tega!"

"Haya, tega."

"Fundi wangu anahamisha sukari kutwa, mkononi haimbakii hata chembe."

"Kimeng'enya. Changu mimi ni kivivu."

"Au kimenyang'anywa vifaa. Kinashikia nini hiyo sukari?"

"Manganizi. Madini fulani. Nimeyatia kwa mkono wangu."

Mimi siloweki chupa kabla sijasoma karatasi yake. Chupa yake moja ya maji ya kuchanganyia, iliyoletwa kuoshwa, ilikuwa na mwandiko wa Prakash, jirani yake wa meza, anayetunza DNA. Nikasoma herufi nne za dawa iliyomo, nikaguna. Dawa hiyo ninayo chini ya sinki. Ndiyo ninayotolea ukoko wa maji magumu. Ikikamata madini haiachii.

"Hii umeitoa wapi?" nikauliza, nikimwonyesha zile herufi.

"Yangu iliisha Ijumaa iliyopita, nikaazima ya Prakash, si zote ni… Mungu wangu! Imenyakua manganizi yote!"

"Nawe ukaja kuniuliza sabuni."

Akachanganya upya, bila dawa ile. Baada ya chakula cha mchana akaniita. Profesa naye alikuwepo. Kioo kikachovywa kwenye asidi, kikawekwa juu ya moto. Mimi nimeshika ukingo wa meza. Likatokea doa moja, jeusi. Kisha chini yake, polepole, la pili.

"Imehama!" Corinne akanikumbatia na glavu zake. "Profesa, vyombo havina kosa. Kosa langu."

Tindall akakohoa. "Basi Bi Marusia, Jumatatu kama kawaida?"

"Kama kawaida," nikasema, nikarudi kwenye sinki langu.