Fimbo Iliyopungua Inchi Moja

Naandika haya kwa utulivu mkubwa na bila kinyongo kwa mtu yeyote, isipokuwa Marsaili.

Marsaili ni mwenzangu wa bwenini. Yeye analala kitanda cha chini, mimi cha juu, na kwa miaka miwili tumeishi kwa amani, ukiacha siku ile nilipoivisha sanamu ya mwanzilishi wa shule sidiria ya matroni, nikamwachia yeye kazi ya kujieleza. Wazazi wake wote wawili wanafanya kazi kwenye visima vya mafuta baharini, na mwaka huu zamu yao iliangukia sikukuu. Basi mimi, kwa ukarimu ambao sitaurudia maishani, nikamwambia, "Twende kwetu Inchfearn. Bibi atafurahi."

Bibi alifurahi. Taabu ilianzia hapo.

Asubuhi ya kwanza tulikuwa mezani tunakunywa uji wa shayiri, Marsaili akauliza, "Bibi, kwa nini huku kila mahali ni Inchi? Kijiji Inchi, uwanja wa mpira Inchi, hata shamba kule kilimani nimeona kibao kimeandikwa Inchi."

Bibi akaweka kijiko chini. Naomba msomaji alipe jambo hilo uzito wake. Bibi yangu, Oighrig, haweki kijiko chini kwa ajili ya mtu. Siku upepo ulipong'oa paa la zizi, alimaliza bakuli kwanza.

"Keti vizuri, kipenzi," akamwambia. Kipenzi! "Neno lenyewe ni *innis*, la lugha yetu ya zamani. Waliochora ramani ndio waliolivuruga. *Innis* ni kisiwa. Lakini pia ni uwanda wa majani kando ya mto, kama huo wetu. Mto ukifurika unauzunguka pande zote, na ng'ombe wangu wanabaki katikati wakinililia mimi, kana kwamba nina mashua."

"Na kule kilimani? Hakuna mto."

"Palizungukwa na matope. Yakakaushwa, pakabaki jina. Tena *innis* ni mahali ng'ombe wanapojikinga upepo. Na mtu akikwambia *innis*, anakwambia simulia."

"Na ni kipimo," nikadakia, mdomo umejaa. "Upana wa kidole gumba. Kumi na mbili ni futi."

"Hicho ni Kiingereza, neno jingine kabisa lililokuja kukaa jirani," Bibi akasema bila kunitazama. "Sisi kipimo hicho tunakiita *òirleach*. Ulijua hilo, Beathag?"

Nilijua. Nimejua tangu sijaota meno ya mbele. Ila mimi niliambiwa tu, kama mtoto anavyoambiwa akanawe mikono. Marsaili aliuliza, na kwa maswali mawili ya kijinga akapata kijiko cha Bibi, ambacho mimi sijakipata kwa miaka kumi na sita ya kuwa damu yake.

Baada ya hapo mambo yalienda mbio. Akapewa kiti cha karibu na jiko, chenye mto. Paka akahamia kwake. Nilimwambia, kwa uso wa mchungaji wa kanisa, kwamba adabu ya huku ni kumwinamia ng'ombe kabla ya kumkama. Akamwinamia. Bibi alipomwona alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo, kisha akamkumbatia. Yaani hata hila zangu zilikuwa zimeacha kazi kwangu na kuajiriwa na Marsaili.

Yote hayo ningeyavumilia kama isingekuwa fimbo.

Bibi ana fimbo ya shinti. Shinti ni mchezo wetu: mpira mdogo mgumu, fimbo iliyopinda mwishoni, na nia mbaya. Aliichonga mwenyewe kutoka tawi la mti mgumu lililojipinda, akaichezea kila mwaka mpya mpaka magoti yakamgomea. Inakaa juu ya mlango. Mimi sikuruhusiwa kuigusa mpaka nilipofikisha miaka kumi na miwili, na hapo niliambiwa nikanawe kwanza. Marsaili aliinyanyua siku ya tatu, mikono ina siagi, akasema, "Bibi, mbona nyepesi hivi!"

"Eeh, nyepesi kama wewe," Bibi akajibu, akitabasamu.

Jioni ile akatangaza. "Mwaka huu fimbo yangu itacheza. Nimechoka kuiona inakula vumbi. Nyinyi wawili ndio mtakaoongoza timu siku ya mwaka mpya. Atakayepata mkono wa juu, fimbo ni yake. Si ya kuazima. Yake."

"Bibi," nikasema, "huyu anacheza hoki. Ya shuleni. Kwa sketi."

"Na wewe unacheza kwa mdomo. Kulaleni."

Sasa, mkono wa juu. Kwetu manahodha wawili hushika fimbo moja. Mmoja huanza chini, juu kidogo ya mahali inapopinda. Mwenzake hushika juu ya mkono wake. Wa kwanza huachia na kushika juu tena, na hivyo hivyo wakipanda mpaka fimbo iishe. Mkono wa mwisho ndio wa juu. Na ukibakiwa na nafasi ya upana wa kidole gumba tu, ukaibana kwa ncha za vidole na fimbo isidondoke, umeshinda. Mgeni ndiye huanza.

Bibi na Marsaili walipokwenda kulisha kuku, nilichukua glavu ya Marsaili, nikaijaza soksi, nikaishusha fimbo. Tukapanda pamoja, mimi na glavu, kwa haki kabisa: glavu, mimi, glavu, mimi. Mkono wangu ukafika karibu na kilele. Juu yake ikabaki inchi moja.

Inchi moja, ya glavu.

Niliitazama ile glavu ikiwa imekaa pale, imenona kwa soksi, inajiona. Nikaenda kwenye banda la Mjomba Tormod nikatwaa msumeno.

Nilikata vizuri, niseme hivyo. Nikalainisha ncha kwa msasa, nikazungushia utepe mweusi kama uliokuwepo, nikairudisha juu ya mlango. Kile kipande nikakitupa jikoni motoni. Kilinukia uzuri. Waliporudi Marsaili akasema, "Mmm, harufu gani hiyo?" Nikamwambia ni utamaduni.

Siku ya mwaka mpya uwanda mzima ulikuwa mweupe kwa barafu, na mto unatoa mvuke kama sufuria. Watu wote wa Inchfearn walikuwepo, wengine bado wanatafuna keki nyeusi ya matunda kutoka mifukoni. Mjomba Tormod, ambaye mwaka mzima huwapigia kondoo miluzi, siku hiyo hutupigia sisi kipyenga, na haoni tofauti kubwa.

Tukapanda fimbo. Yeye, mimi, yeye, mimi. Marsaili alikuwa ameng'ata ulimi kwa bidii. Mkono wangu ukafika juu. Akaachia chini, akaleta vidole vyake kileleni, vikafumba hewa.

"Lo," akasema.

"Mkono wa juu, Beathag!" Tormod akapaza sauti. "Fimbo ni yake, na achague mchezaji wa kwanza!"

Niliinua fimbo juu ya kichwa. Nilitaka Bibi anione. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa unyenyekevu.

"Na mkongwe aende upande wa chini," Tormod akamalizia.

Ni desturi yetu pia, na ya zamani kama ile nyingine: nahodha aliyekosa mkono wa juu hupewa fidia, mtu mzee kuliko wote uwanjani, awe mshauri wake mpaka mwisho wa mchezo. Miaka yote niliyoijua mimi, mkongwe alikuwa Mzee Fearchar, kiziwi, aliyeshauri kwa kusinzia. Hakuna nahodha aliyewahi kumgombea. Lakini Mzee Fearchar alihamia kwa binti yake mjini tangu mavuno, na mimi, katika hesabu zangu zote za mikono na glavu, sikukumbuka kujiuliza ni nani anayemfuata kwa umri.

Bibi akanyanyuka kwenye kiti chake. Akavuka uwanja, akanipita. Akavua skafu yake nyekundu, ile ambayo aliifuma mwenyewe, akamfunga Marsaili shingoni.

"Haya, kipenzi," akamwambia. "Tumtoe jasho huyu."

Sitaueleza mchezo wote, kwa sababu ya heshima yangu. Bibi alisimama kwenye mstari wao, mikono kiunoni, na sauti yake ilifika ng'ambo ya mto.

"Mkabeni kushoto! Kushoto! Huyo hajaenda kulia tangu azaliwe! Hata alipotambaa alitambaa kwa kushoto!"

Nilikwenda kushoto. Walikuwa wanne wananingoja.

"Anavuta pumzi! Akivuta pumzi hivyo anataka kupiga mbali! Marsaili, rudi nyuma! Ndiyo, hapo!"

Marsaili akafunga bao. Akafunga na la pili, huyo wa hoki, skafu nyekundu inapepea. Kila mara alimkimbilia Bibi, na Bibi akampiga bega na kumwambia, "Vizuri, sasa rudi kwenye nafasi yako."

Kisha mpira ukaja kwangu mrefu kutoka katikati, mzuri ajabu. Nikajinyoosha na fimbo, nikajinyoosha kwa vyote nilivyopewa na Mungu, na mpira ukapita mbele ya ncha kwa upana wa kidole gumba.

"Nilijua!" Bibi akapiga kelele. "Nilijua tangu asubuhi! Fimbo hiyo inanifika nyongani, na leo haikufika! Umeikata, wewe mtoto! Ungeiachia inchi yake ungeupata huo mpira, mwizi wewe!"

Uwanja mzima ukasimama. Kisha ukacheka, na kicheko cha watu wote wa kijiji kwenye barafu kina mwangwi mbaya. Marsaili akanijia, anahema.

"Ulikata fimbo kwa ajili yangu?"

"Si kwa ajili yako. Kukukomoa."

"Ungeniomba tu. Ningekuachia."

"Ndiyo maana sikukuomba."

Tormod akakuna kofia yake. "Sheria haisemi lolote kuhusu msumeno," akatoa hukumu. "Endeleeni."

Mpira ukatupwa juu, nikaupata. Mbele yangu njia ya kushoto, kama kawaida, na wanne wale kama kawaida. Nyuma yao Bibi, kidole hewani, anaionyesha kushoto kabla sijaanza hata kuiwaza. Hapo nikaona kwamba mtu huyu amenitazama. Miaka yote ile, kijiko mkononi, macho kwenye bakuli, alikuwa ananitazama mpaka ninavyovuta pumzi.

Nikaenda kulia.

Miguu yangu ilishangaa kuliko wapinzani. Kulia hapakuwa na mtu hata mmoja. Hapakuwahi kuwa na haja. Nikapiga, mpira ukapita katikati ya nguzo na kuendelea mpaka kwenye matete.

"Kulia!" ikasikika sauti. "Ameenda kulia! Mmemwona? Huyo ni wangu! Wangu huyo!"

Bibi alikuwa anaruka. Kwa yale magoti.

"Bibi Oighrig," mtu akamnong'oneza, "uko upande wetu."

"Nyamaza wewe! Mjukuu wangu ameenda kulia!"

Nikageuka nimringie Marsaili, maana ndiyo kazi niliyoumbiwa. Alikuwa amesimama, fimbo yake imelala kwenye barafu, anamtazama Bibi. Uso ule niliufahamu vizuri sana. Nimeamka nao na kulala nao likizo nzima, nikiwa nimeuvaa mimi.

"Mimi nimefunga mawili," akasema polepole. "Hakuruka."

"Ana magoti mabovu."

"Kwa lako ameruka."

Akaokota fimbo yake, akaivuta skafu nyekundu mpaka puani, na kipyenga kilipolia akanipiga ugokoni kwa makusudi mazima, mbele ya mashahidi. Nililipokea pigo lile kama zawadi ya mwaka mpya, nikamfukuza mpaka mtoni.