Banda la Saa Kumi Kasorobo

Jumanne, alipomaliza kuosha vyombo vya mchana, Shangazi alianza kutoa vitu bandani. Lilikuwa banda la mbao kwenye kona ya bustani, nyuma ya nyumba, ukubwa wake kitanda kimoja na nafasi ya mtu kupita. Alitoa toroli lisilo na gurudumu, reki mbili, dirisha kuukuu lililofungwa kwenye gunia, na kopo la misumari iliyoshikana kwa kutu mpaka ikawa kama mkate. Alitoa pia viota saba vya nyigu, wenyewe wameshahama.

Banda aliliomba kwa adabu. Mtoto wa kaka yake, mwenye nyumba, alikuwa mkaguzi wa mizani. Kutwa alizunguka madukani na mkoba wa mawe ya kupimia, akiwaumbua wenye maduka waliopunja wateja. Alijibu kwamba banda ni la Shangazi, alifanye atakavyo. Mkewe, karani wa mapokezi hospitalini, akasema wangeona haya kumnyima mtu aliyewalelea watoto watatu bila kuugua hata siku moja ya kazi.

Shangazi alishukuru sana. Alikuwa na miaka sitini na moja, na alichotaka ni mahali pa kukaa atarizi kitandiko chake. Kila kitanda cha nyumba ile kilikuwa na maua aliyoyatia yeye kwa sindano. Kitandiko cha kitanda chake alikianza miaka kumi na moja nyuma, nacho kilikuwa na maua mawili na nusu.

Kazi ya banda ilimchukua wiki mbili, kwa dakika za kuokoteza kati ya sufuria na sufuria. Bawaba ya juu ilikuwa imeliwa, akaweka kipande cha tairi na misumari minne, mlango ukanyamaza. Mbao alizipiga msasa mpaka vumbi likamkaa kwenye nyusi. Ndani alipaka chokaa iliyotiwa buluu ya kufulia kidogo, maana chokaa tupu huumiza macho. Akalipachika lile dirisha, akalishonea pazia kwa gauni lake ambalo mgongoni lilikuwa limechoka lakini mbele bado zima. Akapanda maua kwenye makopo ya rangi, akayapanga chini ya dirisha. Mwisho akaingiza kiti.

Siku ya kwanza alibandika birika la chai, akaangalia saa ya jikoni, ilikuwa kumi kasorobo, akaenda bandani na kitandiko. Alitarizi petali tatu na jani. Akasinzia. Alipoamka akalifumua lile jani kwa kuwa lilikuwa limepinda, akalirudia upya. Alirudi jikoni maneno ya kuomba radhi ameshayapanga mdomoni, akakuta maji ya birika ni vuguvugu na saa ni kumi kasorobo. Akachungulia birika, akachungulia saa, akaongeza moto. Aliona ni kwa sababu ya usafi. Mahali palipokaa miaka bila mtu wa kupaangalia, pakitunzwa huonyesha fadhila.

Kwa siku tisa aliingia kila alasiri, na kila alipotoka ilikuwa kumi kasorobo. Ua la tatu likaisha, la nne likaisha, mpaka la nane. Akaanza kupiga mluzi akisugua sufuria.

Mke wa Mkaguzi ndiye aliyeona kwamba kitandiko kimejaa haraka. Akauliza, na Shangazi akamweleza, kwani hakuwa mtu wa kuficha. Jumamosi Mkaguzi akachukua saa mbili, moja akaiacha juu ya meza ya jikoni, nyingine akaingia nayo bandani. Alisoma gazeti zima pamoja na matangazo ya vifo, akakata kucha, akatoka. Saa zilipishana kwa saa moja na dakika ishirini. Akarudia kwa kuzibadilisha, kama kazi yake inavyotaka, kisha akaandika kwenye daftari kwamba banda ni sahihi.

Chakula cha usiku kilikuwa kitamu siku ile, na wote walimpongeza.

"Shangazi, Mungu amekuona," alisema mke wa Mkaguzi. Akakoroga chai yake kwa muda. "Nilikuwa nafikiri tu. Kile kikapu cha nguo za pasi. Kwa kuwa ukiingia kule hupotezi hata dakika."

Shangazi alifikiri, akaona ni kweli.

Ndipo nao wakamsaidia kulipendezesha banda. Mkaguzi alivuta waya wa umeme, akaweka balbu, akapigilia rafu ndefu ya nguo zilizokunjwa. Makopo ya maua yakatoka nje kupisha rafu. Mkewe alipaka mlango rangi ya manjano, akabandika juu yake maneno "Karibu Shangazi", kila herufi ameikata kwa mkono wake. Meza ya pasi na kiti havikuenea pamoja, kiti kikatolewa. Pasi hupigwa vizuri mtu akisimama.

Baada ya pasi zikafuata sare za shule, kisha viatu, kisha maharage ya kuchambua. Jirani wa mkono wa kushoto, waliyemwita Mama Salamu kwa sababu salamu zake zilimaliza nusu saa, alileta mapazia ya nyumba nzima, akaingia nayo ndani, na kwa mara ya kwanza akasalimia mpaka mwisho bila mtu kumkatiza. Nyumba ikapata pumzi. Jioni watu walikaa barazani wote, baba akawasikiliza watoto, mama akanyoosha miguu. Walimmiminia Shangazi chai kabla ya mtu mwingine yeyote, na yeye aliinywa akiwatazama, moyo wake umejaa.

Kazi ilipofika ya siku tano kwa alasiri moja, mke wa Mkaguzi alianza kumfungia chakula cha siku tano na mto wa kulalia. Aligundua pia kwamba Shangazi haoni tena tundu la sindano. Basi kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alimtungia uzi sindano kumi, akazichomeka kwenye kitambaa, akakiweka juu ya kikapu. Jioni sindano zilirudi na uzi wake ule ule.

Mwaka ulipogeuka, nywele za Shangazi zilikuwa nyeupe zote. Mkaguzi, mtu asiyevumilia kipimo cha uongo, alikaa na daftari lake, akatangaza mezani kwamba Shangazi hana sitini na mbili bali sitini na sita. Wakapiga makofi. Waliagiza keki. Mama Salamu akaja na wageni wake, akasema kufika sitini na sita na meno yote mdomoni si mchezo.

Mkaguzi akauliza Shangazi angependa zawadi gani.

"Siku moja niingie mikono mitupu," alisema Shangazi. "Na kiti kirudi."

Wakatazamana, mume na mke, macho yamewalowa.

"Hiyo ni haki yako kabisa," alisema Mkaguzi.

"Kesho, Shangazi," alisema mkewe, akimshika mkono. "Leo ni mashuka ya wageni tu."

"Ahsante, mwanangu. Ahsanteni sana."

Aliwashukuru kwa dhati. Aliwajua wengi waliozeekea kwenye nyumba za watu bila kuahidiwa chochote. Akabeba kikapu, mto, chakula na sindano kumi, akapita kando ya makopo ya maua, akavuta mlango. Nje kisu kilikuwa kimeshagusa keki. Ndani alipanga mashuka kwa ukubwa, akaanza na la kwanza, na alipomaliza la mwisho, siku ya tano, ilikuwa bado leo.