Madole Gumba Hayatibu Degedege

Unauliza kwa nini tumemkimbiza Zuhura zahanati alfajiri, na mwanangu Kombo alishapata dawa kwenye simu? Kaa, jirani, nikwambie. Usiku wa jana niliota, na ndoto yenyewe haikuwa na adabu.

Jioni mjukuu wangu Zuhura alikuwa na homa. Kombo akaniwekea video: bwana mmoja wa koti jeupe anasema degedege likija, mtie mtoto kijiko katikati ya meno. Nikalala na hilo neno.

Basi nimo ndani ya simu. Joto kama chini ya bati. Nimempakata Zuhura, anawaka. Bwana wa koti jeupe yuko juu ya meza, kiwiliwili tu. Chini ya kiuno hana kitu, maana kamera haikufika huko.

"Shikamoo, daktari," nikamwambia. Ni mdogo kwa Kombo, lakini shida haina umri.

"Marahaba. Kabla sijaanza, bonyeza dole gumba."

Nikabonyeza. Yakaingia madole gumba makubwa kama watu, mengine yana pete, yakajaa kwenye mabenchi. Kila dole likisimama kumsifu daktari, homa ya mtoto inapanda.

"Mbona anazidi kuwaka?"

"Ndiyo kupendwa huko, mzee," dole moja lililopaka rangi likanijibu. "Video hii tumeipenda sana."

"Na watoto wenu walipona?"

Madole yakatazamana. "Hilo hatukuulizwa."

Mara hapa ni jikoni kwangu. Zuhura anatetemeka, macho yamegeuka. Daktari amehamia juu ya kabati la vyombo.

"Mtie kijiko," anasema.

Nakichukua kijiko, kinanitazama.

"Mimi wa uji," kinasema. "Huko nitamvunja meno bure. Mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, mpeleke zahanati."

"Nani kakusomesha wewe?" daktari anakiuliza.

"Hakuna. Na wewe?"

Daktari akakohoa, akaanza kutangaza godoro. Mtoto anatetemeka, mtu anauza godoro! Na godoro lenyewe likaja likajilaza mlangoni. Nikamkamata bwana yule kwa koti, nikamvuta mpaka vifungo vikaruka, nikamtupa juu ya godoro lake, nikawakanyaga wote wawili nikatoka na mtoto.

Nikaamka napiga kelele, "Mlaze ubavu!"

"Nimeshamlaza, baba," mkwe wangu Tausi akaitikia kutoka chumba cha pili. "Degedege limemshika sasa hivi."

Nikaenda mbio. Kombo kasimama pale, kijiko mkononi.

"Rudisha hicho," nikamwambia. "Cha uji hicho."

Lilipomwachia tukaondoka naye. Wamempima, malaria. Wamempa dawa, wakakaa naye mpaka waliporidhika ndipo wakaturuhusu.

Unadhani Kombo kakoma? Sasa hivi tu, kabla hujaingia, kaiwasha tena ile video nione kwamba yule ni daktari kweli. Tukaitazama wote. Bwana anasema yale yale, ila mkono mmoja haumtoki kifuani, kalishikilia koti. Halina hata kifungo kimoja.

"Jana lilikuwa na vifungo," Kombo akasema polepole.

"Zima," nikamwambia.

Haya, Tausi kashaweka sinia. Zuhura huyu mapajani kwangu, mkono umeshafika kwenye mchuzi hata bismillahi bado. Kombo, msogezee jirani maji anawe. Kaeni, tule.